Jinsi ya kurekodi kumbukumbu za bibi aliyetumikia jeshi la majini la Uingereza

Mwongozo huu ni wa mtu anayeishi au kufanya kazi karibu na mwanamke mzee aliyekuwa Wren, yaani mtumishi wa Women's Royal Naval Service, kikosi cha wanawake cha jeshi la majini la Uingereza. Wakenya, Watanzania na Waganda wengi wanahudumia wazee huko Uingereza, majumbani mwao na katika nyumba za wazee. Wengine wameoa au kuolewa katika familia hizo, na bibi anayezungumziwa ni mama mkwe au nyanya wa watoto wao. Wao ndio wanaokaa naye saa nyingi kuliko mwanahistoria yeyote, na mara nyingi ndio wa kwanza kusikia habari ambazo hajawahi kumwambia mtu.

Kabla hujaandaa swali hata moja, piga hesabu ya miaka. Kikosi kilianzishwa Novemba 1917, kikavunjwa 1919, kikafufuliwa 1939 chini ya Vera Laughton Mathews, na kufikia 1944 kilikuwa na wanawake zaidi ya 70,000. Februari 1949 kilifanywa cha kudumu, na Novemba 1993 kikaingizwa rasmi ndani ya Royal Navy. Aliyejiunga akiwa na miaka 18 mwaka 1944 alizaliwa 1926, na wa rika hilo waliobaki ni wachache mno. Bibi wa miaka 80 hivi huenda alivaa sare miaka ya 1960, wakati wa amani. Watu wakisikia bibi na jeshi humwuliza habari za Hitler. Yule aliyepokea ujumbe wa redio kule Malta mwaka 1966 hujibu kwa heshima maneno mawili kisha hunyamaza, kwa kuwa hakuna aliyemwuliza habari zake mwenyewe. Maswali yako lazima yaendane na miaka yake.

Kosa la kwanza: kuuliza "Ulikuwa meli gani?"

Wrens wengi mno hawakufanya kazi melini. Kikosi cha mwanzo kilijulikana kwa kaulimbiu ya "Never at Sea", na wanawake walianza kupangiwa manowari kama mabaharia kamili mwaka 1990 tu, wa kwanza wakiwa kwenye HMS Brilliant. Lakini kambi za nchi kavu za jeshi hilo nazo huitwa HMS, herufi zinazotangulia majina ya manowari za Uingereza, kwa jina kama la meli. HMS Dauntless, ambako Wrens walipokea mafunzo ya mwanzo hadi 1981, ilikuwa kambi huko Burghfield, karibu na Reading, mbali na bahari. HMS St Angelo ilikuwa ngome ya mawe huko Malta. HMS Tana ilikuwa Mombasa, kwenye bandari ya Kilindini.

Ndani ya kambi hizo watu walizungumza kama wako baharini. Sakafu ni "deck", jiko ni "galley", chumba cha kulala ni "cabin", na kutoka getini kwenda mjini ni kwenda "ashore". Mhoji asiyejua haya huandika kwamba bibi alikaa miaka miwili baharini, kumbe alikaa kwenye shule iliyochukuliwa na serikali au jumba la tajiri mashambani. Swali salama ni hili: "Mahali hapo palikuwa jengo gani, na ukitoka mlangoni uliona nini?" Likijibiwa, utajua kama ni meli, kambi au nyumba ya kupanga.

Usikimbilie upande wa pili pia. Wako Wrens waliokwenda majini. Waliokuwa wahudumu wa mashua za bandari huko Plymouth na Portsmouth waliendesha na kutunza mashua zilizopeleka barua, watu na vifaa kwenye manowari. Wengine walisafiri kama maofisa wa maandishi ya siri kwenye meli kubwa za kubeba askari, mojawapo ikiwa Queen Mary. Kwa hiyo mwache aseme mwenyewe.

Uliza kazi ya mikono

Hapa ndipo penye mali yote. Ukimwuliza mtu "Ulijisikiaje?" au "Vita vilikuwaje?" atakupa maneno aliyoyasikia kwenye televisheni, kwa sababu swali ni pana na jibu lake lilishatengenezwa zamani. Ukimwuliza mkono wake wa kulia ulikuwa unashika nini, atafikiri, atanyanyua mkono, na kumbukumbu itakuja na harufu na kelele zake. Fuata zamu moja tangu kuamka hadi kulala, hatua kwa hatua, na usimruhusu aruke.

Mfano ni kazi ya mashine za kuvunja maandishi ya siri ya Wajerumani zilizoitwa Bombe, zilizoendeshwa na Wrens huko Bletchley na katika vituo vyake vya pembeni kama Eastcote, Stanmore na Gayhurst. Mashine moja ilikuwa na uzito wa takriban tani moja na kimo cha kumzidi mtu. Anayejua huuliza: nani alikupa karatasi ya maelekezo ya kupanga mashine? Ulianza na upande wa mbele, kwenye magurudumu, au wa nyuma, kwenye plagi? Mashine ikisimama, uliandika nini na ulimpigia nani simu? Ulikuwa peke yako au wawili? Mafuta yaliyorukia shati yalitokaje? Kazi hiyo ilikwenda kwa zamu tatu za saa nane nane, usiku na mchana, na magurudumu yenye nyaya zilizogusana yaliharibu mzunguko mzima. Kwa hiyo swali la "waya zikishikana ulifanyaje?" hufungua zaidi ya swali lolote kuhusu ushujaa.

Kwa waliochora mienendo ya meli kwenye ramani, kama wale wa Derby House, Liverpool, waliopanda ngazi mbele ya ramani ya ukutani, uliza ngazi, viatu, rangi za alama, na nani alisoma namba kwa sauti. Mpishi mwulize idadi ya sahani na saa ya kuwasha majiko. Fundi wa ndege mwulize spana na baridi ya chuma alfajiri. Karani wa malipo mwulize foleni na vitabu. Kazi isiyo na sifa ndiyo iliyoandikwa kidogo zaidi, na bibi aliyekuwa mhudumu wa mezani atakuambia mara tatu kwamba hana la kusema. Mjibu kwamba hujui meza ya maofisa ilivyotandikwa na ungependa akufundishe. Akianza kufundisha, umefaulu.

Mgawanyo wa zamu za majini nao ni chombo cha kupanga kumbukumbu, na Mswahili anapaswa kuwa mwangalifu hapa kwa sababu ya saa zetu. Zamu iitwayo "first watch" ni saa mbili usiku hadi saa sita usiku. "Middle" ni saa sita usiku hadi saa kumi alfajiri, na hiyo ndiyo waliyoichukia wengi. "Morning" huishia saa mbili asubuhi, "forenoon" saa sita mchana, "afternoon" saa kumi jioni. Kisha ziko mbili fupi za saa mbili mbili, "first dog" na "last dog", zilizowekwa ili zamu za siku ziwe saba na watu wasiangukie saa zile zile kila siku. Akisema "at four", mwulize kama ni alfajiri au jioni, na kwenye maandishi weka saa 04:00 au 16:00. Ukiandika "saa nne" kwa haraka umeharibu ushahidi.

Chumba, kifaa na muda

Simu janja nzuri inatosha. Kinasa sauti cha mkononi ni bora zaidi. Rekodi kwa WAV, kHz 48 na biti 24. Saa moja ya mono itachukua takriban MB 520, na stereo itazidi GB 1, basi angalia nafasi kabla ya kuanza. MP3 ni ndogo, lakini sauti iliyokwisha kubanwa hairudi ilivyokuwa, na sauti ya mzee ambayo tayari ni nyembamba ndiyo inayoumia kwanza.

Tumia maikrofoni ya kubana kwenye nguo, sentimita 20 hivi chini ya kidevu, mbali na mkufu, vifungo na shali. Kilele cha sauti kiwe karibu na desibeli -12. Kikigusa 0, maneno yatapasuka na hakuna programu itakayoyaponya. Simu iwe kwenye hali ya ndege, vinginevyo mtu atapiga katikati ya sentensi muhimu kuliko zote. Zima friji iliyo karibu, na ndani yake weka funguo zako za gari au za nyumba: hutaondoka bila kukumbuka kuiwasha tena. Toa saa ya ukutani inayogonga. Rekodi dakika moja ya majaribio, isikilize kwa hedifoni, ndipo uanze.

Kama anavaa kifaa cha kusaidia kusikia na kinapiga mbinja, kwa kawaida hakijakaa vizuri sikioni au kimeegemea mto au ubavu wa kiti. Kaa upande wa sikio lenye nafuu, mita moja hivi kutoka kwake, mwanga ukiangukia uso wako ili aone midomo yako. Sema polepole bila kupaza sauti. Lafudhi yetu haimsumbui mtu anayeona midomo na asiyeharakishwa. Na unapomsikiliza, tikisa kichwa. Yale "mm" na "ndiyo" zako yatakuwa juu ya maneno yake kwenye rekodi.

Dakika 45 kwa kikao zinatosha kwa mtu aliyepita miaka 85. Wakati mzuri kwa wengi ni kama saa nne asubuhi, baada ya chai. Mwenye ugonjwa wa kusahau mara nyingi huchanganyikiwa zaidi jioni, kwa hiyo usipange kikao baada ya alasiri. Kikao cha kwanza kifanywe bila kurekodi chochote: ni cha kufahamiana, kuangalia picha na kuandika majina. Hapo ndipo pia umwulize anataka aitweje. Kwetu ni vigumu kumwita mtu wa umri wa nyanya kwa jina lake la kwanza, na wengi wao ndilo watakaloomba. Fanya anavyotaka, na ikiwa ulimi unagoma, mwambie kwamba kwenu mzee huitwa Bibi au Nyanya, na mwulize kama atakubali. Wengi hufurahi.

Rekodi kwa lugha yake. Usitafsiri papo hapo, na usimwombe arahisishe Kiingereza chake. Majina ya watu na mahali mwombe ayataje herufi kwa herufi. Mwanzoni mwa kila faili sema tarehe, mahali, jina lake, jina lake la kabla ya kuolewa na jina lako. Jina la kabla ya kuolewa ndilo litakalokuwa kwenye kumbukumbu za jeshi, na bila hilo utatafuta bure.

Tarehe zikigongana

Usimsahihishe. Akisema 1943 na wewe unajua kambi ilifunguliwa 1944, mwache amalize, kisha tafuta kigingi. Kwa wale wa vita: ilikuwa kabla au baada ya kutua Normandy, 6 Juni 1944? Ulikuwa wapi vita vya Ulaya vilipokwisha, 8 Mei 1945? Kwa waliofuata: kutawazwa kwa Malkia, 2 Juni 1953, majira ya baridi kali ya 1962 na 1963, kubadilishwa kwa sarafu 15 Februari 1971, vita vya Falkland, Aprili hadi Juni 1982. Swali la mshahara hufanya kazi nzuri hapa. Akikumbuka kulipwa kwa shilingi na peni za zamani, 12 kwa shilingi moja, basi ni kabla ya Februari 1971.

Kwenye maandishi acha tarehe aliyoitaja kama ilivyo, na uweke yako kwenye mabano ya mraba pamoja na sababu yako. Anayesoma baadaye anastahili kuona zote mbili.

Kama alikuwa Mombasa

Sehemu hii inatuhusu moja kwa moja, na inastahili muda zaidi ya nyingine. Baada ya Wajapani kushambulia Colombo, 5 Aprili 1942, kundi kubwa la manowari za Uingereza za Bahari ya Hindi lilihamia Kilindini. Wavunja maandishi ya siri walihamia nao na kuwekwa katika shule ya Allidina Visram, Mombasa, wakisikiliza redio za Wajapani. Humo walivunja maandishi ya siri ya meli za biashara za Japani. Mwaka 1943 walianza kurudi Colombo. Wrens nao walikuwa Mombasa miaka hiyo, kwenye maandishi ya siri, mawasiliano na makarani.

Bibi aliyekuwa huko akihojiwa na Mwingereza mwenzake husimulia jua, minazi na dansi. Wewe unaweza kuuliza yale ambayo mwingine hawezi. Nani alipika? Nani alifua, na nguo zilirudi siku gani? Aliitwa nani, na bibi anakumbuka jina kamili au lile la kambini tu? Askari wa getini alitoka wapi? Mlivuka kwenda Likoni kwa chombo gani? Anakumbuka neno gani la Kiswahili, na nani alimfundisha? Sokoni aliruhusiwa kwenda? Wafanyakazi wa Kiafrika, Kiarabu na Kihindi wa kambi zile hawamo karibu kabisa katika masimulizi ya Wrens, na njia ya kuwapata ni kumwuliza mtu aliyekula chakula chao. Ukipata jina moja tu na mtaa, liandike pekee kwenye karatasi na ulipeleke kwa wazee wa Mombasa.

Liko jambo la kuuliza kwa uangalifu zaidi. Februari 1944 meli ya Khedive Ismail iliondoka Mombasa kwenda Colombo. Tarehe 12, karibu na Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga, nayo ikazama ndani ya dakika chache. Walikufa zaidi ya watu 1,200, wakiwemo mamia ya wapiga mizinga wa Afrika Mashariki wa kikosi cha 301, wauguzi wengi, na Wrens. Bibi aliyekuwa Kilindini miezi ile huenda alimsindikiza rafiki kwenye gati. Usilete jambo hili katika kikao cha kwanza, wala usilitaje mwishoni mwa kikao na kumwacha nalo peke yake. Akitaja jina, unaweza kulitafuta katika orodha ya Commonwealth War Graves Commission, ambayo iko wazi kwenye intaneti. Majina ya wapiga mizinga wetu yako huko pia. Familia iliyopoteza babu kwenye meli hiyo na bibi aliyepoteza rafiki yake wanastahili kujuana, wakitaka.

Siri, na mambo yanayouma

Wrens wa Bletchley waliapishwa kutosema, na walinyamaza hadi habari zilipotoka hadharani miaka ya 1970. Wengine waliendelea kunyamaza hata baada ya hapo, na waume zao walikufa bila kujua. Unaweza kumwambia kwamba mambo ya Bletchley sasa yamo kwenye majumba ya makumbusho. Usimbishie akikataa. Kiapo ni chake.

Kwa aliyefanya mawasiliano au kazi za nyambizi miaka ya 1970 na 1980, wajibu wa siri bado unaweza kumfunga. Hapo usiulize namna maandishi ya siri au vifaa vilivyofanya kazi. Uliza mabweni, chakula, malipo, marafiki, likizo na wakubwa wake. Mwoneshe kitufe cha kusimamisha na umwambie anaweza kuomba kisimamishwe wakati wowote. Akiomba, kisimamishe mbele ya macho yake.

Uliza kwa upole jinsi alivyoondoka kazini. Hadi 1990 mwanamke mwanajeshi aliyepata mimba aliondolewa. Hadi Januari 2000 jeshi la Uingereza liliwafukuza waliojulikana kuwapenda watu wa jinsia yao, na Wrens wengi walihojiwa, kupekuliwa na kuondolewa kwa sababu hiyo. Cheti kinaweza kuonesha sababu kwa maneno makavu yasiyosema kitu. Swali lako liwe: "Ulipoondoka, ilikuwa kwa kupenda kwako?" Kisha nyamaza, hesabu hadi kumi kimoyomoyo, na ukubali jibu lolote, hata likiwa ni kutazama dirishani. Akilia, usizime kifaa kwa hofu yako mwenyewe. Mwulize anataka nini. Wengi husema tuendelee.

Picha na sare

Sare husema mwaka kama unajua pa kuangalia. Kofia laini yenye ukingo wa mviringo, kama ya msichana wa shule, ni ya kabla au karibu na 1942, mwaka ambao Wrens wa kawaida walipewa kofia ya kibaharia. Kofia ya pembe tatu ni ya ofisa au Petty Officer, cheo kilicho sawa na sajini. Mistari ya mkononi ya ofisa ni ya buluu, na juu yake pana umbo la almasi mahali ambapo wanaume wana kitanzi cha dhahabu. Nanga moja kwenye mkono wa kushoto ni ya cheo cha Leading Wren. Nanga mbili zilizopishana chini ya taji ni za Petty Officer. Beji ya mkono wa kulia ni ya aina ya kazi. Utepe wa kofia wakati wa vita uliandikwa H.M.S. tu, bila jina la kambi, kwa sababu za usalama, hivyo usitarajie ukusaidie kujua alikuwa wapi.

Skani picha kwa dpi 600, pande zote mbili, na uhifadhi kama TIFF. Maelezo ya nyuma yaandikwe kwa penseli laini, pembeni. Wino wa kalamu hupenya hadi kwenye uso. Albamu za miaka ya 1970 zenye kurasa za gundi na plastiki ndizo hatari: gundi huwa ngumu na kupasua picha. Pitisha uzi wa meno nyuma ya picha polepole, kama kukata ugali kwa uzi, na ukikwama acha na uskani ukurasa mzima. Ondoa pini na klipu za chuma, usitumie selotepu, usilaminishe chochote. Medali usizisugue.

Rekodi za jeshi

Akiwa hai, bibi mwenyewe ana haki ya kuomba nakala ya rekodi zake za utumishi kutoka Wizara ya Ulinzi ya Uingereza, bila malipo. Msaidie kujaza fomu: jina la kabla ya kuolewa, tarehe ya kuzaliwa, nambari ya utumishi kama anayo kwenye kitabu cha malipo au cheti cha kuondoka. Akiwa ameshafariki, ndugu wa karibu huomba akiambatisha cheti cha kifo. Rekodi za miaka ya vita zimekuwa zikihamishiwa National Archives, Kew, basi angalia kwenye katalogi yao kwanza. Waliotumika 1917 hadi 1919 wako hapo tayari: maofisa kwenye ADM 318, wa kawaida kwenye ADM 336.

Mtego mkubwa wa rekodi hizi ni kwamba jina la kambi linaweza kuwa la pale mshahara ulipotoka. Aliyeandikwa "Pembroke" utamtafuta Chatham, ilikokuwa kambi ya HMS Pembroke. Lakini Wrens wa Bletchley waliandikwa chini ya Pembroke V, na depo ya mafunzo ya Mill Hill, London, ilikuwa chini ya Pembroke III. Namba ya Kirumi ni muhimu; ikiwa haisomeki, tegemea alichosema yeye kuhusu jengo na barabara.

Ridhaa na kuhifadhi

Chini ya sheria ya hakimiliki ya Uingereza ya 1988, maneno aliyoyasema ni mali yake, na rekodi ni ya aliyeiandaa. Hivyo ridhaa iwe ya maandishi, ukurasa mmoja: nani atasikiliza, lini, jina lake litajwe au la, na nini kifanyike akifariki. Asaini baada ya kikao cha mwisho pia, maana sasa anajua alichosema. Kama uwezo wake wa kuamua una mashaka, zungumza na familia kabla ya kurekodi.

Mhudumu wa nyumba ya wazee azingatie haya bila kulegeza: pata ruhusa ya maandishi ya meneja na ya familia, rekodi nje ya saa za zamu, na usiweke hata sekunde tano kwenye WhatsApp au TikTok. Kazi nzuri imepotea hivyo, na kibarua pia.

Faili ipewe jina linaloanza na mwaka, mwezi, siku, kisha jina la ukoo. Nakala ziwe tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikiwa nyumba nyingine kabisa. Kuandika saa moja ya sauti huchukua saa nne hadi sita, wakati mwingine zaidi. Kama huna muda huo, andika angalau muhtasari wenye dakika, mfano 00:12:30 safari ya treni, 00:19:05 zamu ya kwanza. Muhtasari wa kurasa mbili wenye dakika hutumika zaidi kuliko maandishi kamili yasiyokamilika. Tafsiri ya Kiswahili ifanywe kutoka kwenye maandishi ya Kiingereza yaliyokaguliwa, na ibaki faili tofauti.

Nakala ya kwanza ni ya familia. Kisha andikia Imperial War Museums, London, wenye mkusanyiko mkubwa wa sauti, au National Museum of the Royal Navy, Portsmouth, inayotunza vitu vya Wrens. Kwa aliyekuwa Bletchley, liko jumba lenyewe la Bletchley Park. Association of Wrens, chama chao tangu 1920, husaidia kutafuta waliokuwa pamoja naye. Tuma barua pepe kwanza yenye jina, miaka, kambi, kazi, idadi ya saa na aya moja ya yaliyomo. Usitume sauti kabla hawajaiomba. Wakikataa sare au medali, usishangae, wanazo nyingi. Wanachokosa ni maelezo ya kazi, na rekodi ya Kilindini yenye majina ya wapishi na wafuaji ieleze hivyo kwenye mstari wa kwanza wa barua.